Manyanga ya Keziya

Wakati huo Virginia na mumewe Owen walikuwa wakikaa Al Thumama, mtaa mmoja wa Doha, katika vila kubwa ambayo mwenye nyumba aliigawa vipande kwa kuta za jipsamu akavipangisha kimoja kimoja. Ng'ambo ya ukuta wa sebule yao alikaa Gerishon na mkewe Naume, wenyeji wa Mbale, Uganda, pamoja na watoto wao wawili, Keziya na Asafu. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakuombea heri.

Virginia alikuwa nesi katika kliniki moja kule Najma. Alifanya zamu ya asubuhi, akawa nyumbani mapema kuliko Naume aliyefundisha chekechea. Kwa hiyo ni yeye aliyewapokea watoto wote watatu basi la shule lilipowashusha, yaani wale wawili na binti yake wa pekee, Chelsea, aliyekuwa rika moja na Keziya. Aliwapa chakula, akawasimamia kazi za shule, akawatenganisha wakigombana. Asafu, ambaye hata shule alikuwa ndiyo kwanza ameanza, wakati mwingine alimwita mama kwa kusahau.

Walipokaa jirani kwa muda, Gerishon alimwambia Virginia jambo. Walikuwa uani, Virginia akianua nguo.

"Mama Chelsea, nadhani umeshaona Jumamosi hatupiki wala hatuwashi gari. Sisi ni Wayahudi. Si kwamba tumeingia juzi. Babu yangu alizaliwa hivyo, kule vilimani nje ya Mbale. Hapa hatutangazi. Kazini hawajui, na ningependa wasijue. Sitaki maswali."

"Baba Keziya, hilo lisikupe wasiwasi," Virginia alimjibu. "Kwangu halitoki."

Na kweli halikutoka, mwaka mzima na zaidi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Keziya aliingia jikoni kwa Virginia amekumbatia makopo matupu ya nyanya na ya maziwa. Chelsea na Asafu walimfuata nyuma.

"Anti Virginia, una dengu?"

"Za kupika?"

"Za kupiga kelele."

Akamweleza. Wiki iliyofuata, Jumamosi jua likishazama, ilikuwa sikukuu yao ya Purimu. Baba yake angewasomea kitabu chote cha Esta, na kila akilitaja jina la Hamani, yule mkubwa aliyepanga kuwaua Wayahudi wote, watoto hutakiwa kupiga kelele mpaka jina lenyewe lisisikike. Kwao Mbale watu walipiga sufuria na ngoma. Hapa Doha walikuwa wakipiga makofi tu, ya polepole. Mwaka huu baba alikuwa amekubali wawe na manyanga, mradi madirisha yafungwe.

"Sasa dengu peke yake hazitoshi," Virginia alisema. "Subirini."

Akiwa msichana alikuwa katika kundi la ngoma la shule yao huko Nyeri, na kazi ya kutengeneza vyombo ndiyo aliyoipenda kuliko kucheza. Akawatuma watoto bakala, kwenye kiduka cha kona, wakaomba vizibo vya soda. Walivipondaponda uani kwa jiwe vikawa bapa, Virginia akavitoboa kwa msumari, wakavitunga kwenye waya wa kuangikia nguo alioukata kwa koleo ya Owen. Ukiutikisa ulilia kama njuga za miguuni. Makopo wakayatia dengu, mengine njegere kavu ili sauti zitofautiane, wakayafunika kwa karatasi ngumu na gundi. Asafu alilitikisa lake kabla gundi haijakauka, mfuniko ukaruka, dengu zikatapakaa hadi chini ya friji. Walicheka wote mpaka Chelsea akakaa sakafuni. Kisha Keziya akachukua chaki akaandika jina la Hamani kwenye soli za ndara zao, kwa sababu, alisema, ukimkanyaga siku nzima ni vizuri zaidi.

Virginia aliwapiga picha kwa simu. Watatu, manyanga juu, midomo wazi.

Alikuwa katika kundi la WhatsApp la kina mama wa ushirika wake wa kanisani, karibu wote Wakenya. Wenzake walituma humo picha za magari mapya, za watoto waliopata tuzo, za safari. Virginia hakuwahi kuwa na kitu. Mara nyingi alikuwa akituma mikono iliyoshikana na neno "Amina". Jioni ile, watoto wakiwa bado wanatikisa makopo uani, alikaa kitandani akaituma ile picha, akaandika: "Majirani zangu ni Wayahudi kamili, watu wa Biblia yenyewe. Leo nimewatengenezea watoto manyanga ya sikukuu ya Esta."

Mioyo ikamiminika. Haleluya zikafuatana. Fiona, kiongozi wao, akauliza: "Wayahudi wa kweli? Hapa hapa Doha?"

"Wa kweli," Virginia akajibu. "Baba yao anafanya mambo ya kompyuta kwenye ile kampuni ya mizigo, si ndiko aliko mzee wako?"

Hata hilo alilisema. Baadaye ndilo lililomuuma kuliko picha, kwa kuwa picha angeweza kujidanganya kwamba aliituma kwa furaha. Lakini hilo la kazini aliambiwa waziwazi lisijulikane, na akalisema tu ili Fiona aendelee kuzungumza naye.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, Gerishon alirudi nyumbani mapema isivyo kawaida. Virginia alikuwa akikunja nguo sebuleni, watoto wamekwisha kwenda kwao. Akasikia mlango wa jirani ukifungwa kwa nguvu, kisha sauti ya Gerishon. Akikasirika alisema Kiingereza, naye Virginia akaelewa kila neno.

Alikuwa akimsimulia Naume. Wakati wa chakula cha mchana, kantini imejaa, Douglas wa ghalani, ambaye Virginia alimjua kuwa ndiye mume wa Fiona, alisimama akamwita kwa sauti kutoka upande wa pili: "Shalom, Baba Israeli! Manyanga yako wapi?" Alisema kwa kucheka, bila ubaya wowote, kama mtu anayemtania shemeji. Lakini meza nzima nzima ziligeuka. Alipomwuliza Douglas nani amemwambia, Douglas alimpiga bega tu na kusema mji ni mdogo. Muda mfupi baadaye mudiri, yaani bosi wake, akamwita ofisini akamwuliza wale walikuwa wakicheka nini. Gerishon akasema ni utani wa Waafrika. Mudiri akasema sawa. Hakuna lililotokea zaidi ya hapo, lakini Gerishon alichukua mkoba wake akaondoka.

"Amejua mpaka manyanga," alisema. "Manyanga, Naume! Hayo yametoka humu ndani."

"Labda Mama Chelsea..." Naume alianza, halafu akajikatiza mwenyewe. "Hapana. Yule hawezi."

Upande huu wa ukuta, Virginia alisimama na shati la Owen mkononi.

"Keziya!" Gerishon akaita. "Njoo hapa. Darasani kwenu kuna Wakenya wangapi? Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, baba."

"Usiniongopee."

"Sijamwambia mtu!"

"Nani basi? Asafu? Asafu hata hajui kusema Purimu. Nilikuamini wewe. Nilikwambia hili ni la ndani ya nyumba, ukaitikia. Umenitia aibu, na unaweza kunitoa kazini."

Mtoto akaanza kulia. Virginia alisikia makopo yakitupwa ndani ya mfuko wa plastiki, dengu na njegere zikichakarika, na Gerishon akisema mwaka huu hakuna kelele, na Keziya hatakaa kwenye usomaji, atabaki chumbani mpaka atakapokuwa tayari kusema ukweli.

Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wake hadi mlango wao. Virginia hakutoka. Aliingia chumbani, akafungua simu, akaifuta picha. Ilibaki kwenye simu za wengine wote.

Owen aliporudi kutoka hoteli alikofanya kazi ya umeme, alimweleza. Alimweleza kwa kunong'ona, kwa sababu ya ule ukuta.

"Umeshaifuta?" Owen akauliza.

"Nimefuta."

"Basi khalas. Ukienda sasa utaleta vita, na hawa ndio tunaowategemea. Wewe unawashikia watoto, wao wanamshika Chelsea usiku ukienda ushirika. Mtoto akikaripiwa kesho amesahau."

Virginia alijua haikuwa hivyo, lakini aliyapokea maneno yale kama mtu anayepewa dawa ya usingizi.

Siku zilizofuata alimfanyia Keziya wema mwingi. Alimwekea paja la kuku. Akamnunulia vibanio vya nywele vyenye vipepeo. Chelsea akalalamika kwamba yeye hakununuliwa, Virginia akamkemea bila sababu. Keziya alishukuru kwa kila kitu, akala kidogo, akavitia vibanio mfukoni bila kuvibana. Naume alipokuja kuwachukua watoto, alisimama mlangoni akamwambia Virginia kwa huzuni, "Sijui huyu binti amepatwa na nini. Kwako amesema lolote?"

"Hapana," Virginia akasema. "Hajasema."

Usingizi wake ukawa mbovu. Kliniki alimpima mgonjwa presha, akasahau tarakimu kabla hajaiandika, ikabidi ampime tena.

Siku ya Jumatano Chelsea na Asafu walikuwa wakitazama katuni. Keziya alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda karibu na Virginia aliyekuwa akimenya viazi. 

"Anti," akasema, "wewe ni nesi. Mtu anaweza kusema kitu halafu asikumbuke?"

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Labda akiwa amelala. Au anaumwa kichwani."

Virginia aliacha kumenya.

"Baba anasema nilisema siri yetu. Mimi sikumbuki. Nimewaza darasani, nimewaza kwenye basi, nimewaza kila mahali. Lakini baba haongopi." Akashika ncha ya gauni lake la shule. "Kwa hiyo labda nilisema, nikasahau. Nimeamua leo nitamwambia ni mimi. Ila ataniuliza nilimwambia nani, na hilo silijui. Ndiyo nataka unisaidie. Nimtaje nani?"

Virginia alimtazama yule mtoto. Akaona kwamba Keziya alikuwa anauliza kwa dhati, kwamba alikuwa ameketi hapo kutafuta jina la kutia kwenye kosa ambalo hakulifanya, na kwamba alimjia yeye kwa sababu alimwamini.

"Usimwambie kitu," Virginia akasema. "Si wewe, Keziya. Hukusema wala hujasahau. Huna ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyesema."

Keziya hakuelewa mara moja. Akatabasamu kidogo, kama anayedhani anabembelezwa.

"Ni mimi," Virginia akarudia. "Niliwatumia watu picha yenu. Twende tukawangoje wazazi wako."

Walikaa uani kwenye ngazi hadi Naume aliporudi, na kisha Gerishon. Virginia hakusubiri wavue viatu. Alisema yote akiwa amesimama katikati ya sebule yao: picha, kundi, Fiona, na lile neno kuhusu kampuni ya mizigo. Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba ahurumiwe.

Gerishon alikaa chini taratibu. Ni Naume aliyesema kwanza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Hiyo picha, sawa. Watu tunapenda kujionyesha. Mimi pia naweza kukosea hivyo." Akaunyooshea kidole ukuta. "Lakini hii ni karatasi. Jumapili ulikuwa nyumbani?"

"Nilikuwa."

"Ulimsikia mtoto wangu?"

"Nilimsikia."

"Akilia."

"Akilia. Nilimsikia, Mama Keziya."

"Na mimi nikakuuliza, hapo mlangoni, ukaniangalia machoni." Naume akatikisa kichwa. Hakupandisha sauti, na Virginia alitamani sana aipandishe.

Gerishon alimwita binti yake. Badala ya kumsimamisha mbele yake kama siku ile, alishuka kitini akapiga magoti hadi nyuso zao zikawa sawa.

"Keziya, nilikuita mwongo. Haikuwa kweli. Ulisema kweli, nami sikukusikiliza. Nisamehe."

"Kwa hiyo sikusema?" Keziya akauliza.

"Hukusema."

"Hata usingizini?"

"Hata usingizini."

Hapo ndipo mtoto alipoangua kilio, kikubwa kuliko cha Jumapili, akajirusha kwenye shingo ya baba yake. Alipotulia alimgeukia Virginia.

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mngenichukia."

Keziya akalifikiria hilo. "Mimi nilidhani nina wazimu," akasema, akaenda chumbani.

Virginia alipofika mlangoni Gerishon alimwambia tu, "Asante kwa kuja kusema." Naume alikuwa amekwisha kumfuata mtoto chumbani.

Usiku huo huo aliandika kwenye kundi kwamba alikuwa amevunja ahadi aliyompa jirani yake, akawaomba walio na ile picha waifute na wasilizungumzie jambo hilo tena. Fiona alimpigia simu kwa ukali kidogo. "Sasa unatufanya sisi wambea?" Virginia akamjibu, "Mmbea ni mimi. Ninachokuomba ni umwambie Douglas anyamaze." Douglas alinyamaza, na kwa haki yake, alimwendea Gerishon kazini akamwomba radhi faraghani. Mudiri hakuuliza tena. Gerishon aliendelea na kazi yake, ingawa kwa muda mrefu alikula chakula chake mezani pa kompyuta, peke yake.

Jumamosi, nyota za kwanza zilipotoka, Keziya alibisha hodi kwa Virginia. Alikuwa amevaa kitenge cha mama yake, na taji la karatasi kichwani.

"Mama anasema Chelsea aje kusikiliza Esta."

"Atakuja," Virginia akasema. Akangoja.

"Amesema Chelsea," Keziya akaongeza kwa upole.

"Nimeelewa, mama. Nenda naye."

Virginia aliketi jikoni, mbali na ukuta wa sebule, akaona hastahili kusikiliza. Lakini sauti zilimfikia. Gerishon alisoma kwa Kiebrania kwa mwimbo wa kupanda na kushuka, akisimama mara kwa mara kuwaeleza watoto kwa Kiswahili na Kiganda. Kila lilipokuja lile jina, manyanga, yaliyokuwa yametolewa tena kwenye mfuko, yalilipuka, na sauti ya Asafu ikayapita yote. Ndege ilipopita chini chini kuelekea uwanjani, Gerishon alipaza sauti, "Sasa, sasa, hakuna atakayesikia!" wakapiga kelele kwa nguvu zao zote mpaka ndege ilipokwisha kupita. Chelsea alirudi ana jasho, akasimulia kila kitu, halafu akauliza, "Mami, kwani wewe huipendi hii sikukuu?" Virginia akamwambia anaipenda.

Naume alipata mtu mwingine wa kupokea watoto, dada mmoja Mfilipino wa ghorofa ya juu. Alimsalimia Virginia kila asubuhi kwa adabu kamili, habari ya leo, nzuri, na hapo ndipo maneno yalipoishia. Wasichana wenyewe hawakuachana. Walicheza uani mpaka joto lilipozidi, kisha wakahamia ndani, mara kwa Chelsea mara kwa Keziya.

Mwezi wa sita, alasiri moja, walikuwa wakichora kwenye sakafu ya Virginia. Chelsea aligeuka vibaya, kiwiko kikagonga jagi la sharubati ya embe, likamwagikia zulia la Owen. Virginia aliona kila kitu akiwa amesimama palepale mlangoni mwa jiko.

"Jamani, nani huyo?" alisema, kama wazazi wanavyouliza jambo walilolishuhudia.

Chelsea akafunga mdomo. Keziya alikuwa ameketi mbali kabisa na jagi, upande wa pili wa zulia. Akainua kichwa haraka.

"Labda ni mimi, Anti," akasema.

Virginia aliweka chini sahani aliyoishika. Alikwenda akachuchumaa mbele yake pale kwenye maji ya embe.

"Hapana, Keziya. Si wewe. Nimeona kwa macho yangu. Ulikuwa umekaa hapa, na jagi lilikuwa kule."

"Lakini pengine mguu wangu..."

"Mguu wako haukufika. Si wewe. Sikiliza ninavyosema: si wewe."

"Ni mimi," Chelsea akasema kwa sauti ndogo.

Keziya aliwatazama wote wawili, akilipima jambo lile kama hesabu ngumu. Virginia alirudia tena, akarudia tena, akingoja mpaka mtoto alipoitikia kwa kichwa. Alipoinuka, magoti yamelowa, akamwona Naume amesimama kwenye mlango wa mbele. Alikuwa amekuja kumwita binti yake. Hakujulikana alikuwa amefika tangu lini.

Naume alivua viatu, akapita kando ya Virginia, akachukua kitambaa kwenye sinki, akapiga magoti akaanza kufyonza sharubati kutoka kwenye zulia. Virginia akachukua kingine, akapiga magoti upande wa pili. Walifanya kazi pamoja, wakikamua kwenye ndoo moja.

"Hii ukiacha itanuka," Naume akasema hatimaye. "Lete chumvi."

Virginia akaenda kuleta chumvi.

"Na chai, kama ipo," Naume akaongeza, bila kuinua macho. "Leo nimesimama tangu asubuhi."

"Ipo," Virginia akasema. "Ipo, Mama Keziya."